Risasi za Marehemu Hazigawanywi

Leo nilikusudia kuandika juu ya kodi za nyumba hapa Lewisville, lakini kodi zitangoja, maana hazina haraka ya kushuka. Mwenzangu wa kuwinda amefariki. Wengi wenu mlimfahamu: yule Mkongo mrefu wa Fort Worth, mpakiaji wa mizigo ghalani, aliyeimba besi kanisani. Moyo ulisimama akiwa amekaa kitini nyumbani baada ya ibada. Mimi ni muuguzi, nimezoea kuwapa watu habari za namna hiyo, lakini safari hii mkewe ndiye aliyenipa mimi, kwa simu. Imeniuma sana.

Tulikutanishwa na nguruwe mwitu, ambao huku Texas huharibu mashamba, na wenye mashamba hufurahi nguruwe hao wakiwindwa. Bunduki zetu zilitumia risasi za kipimo kimoja. Mimi nilinunua za dukani kama watu wengi. Yeye alitengeneza zake katika gereji ya nyumbani kwake: anaokota maganda aliyokwisha kuyatumia, anayasafisha, anaweka fataki mpya ya kuwashia baruti, anapima baruti kwa mizani ndogo, kisha anakaza kichwa cha risasi juu. Siku moja niliingia nikamsalimu, asiitikie. Nanyi mnawajua Wakongo kwa salamu. Mtu atasimamisha gari barabarani akuulize hali ya watoto. Nilikaa pale nimenuna mpaka alipomaliza kupima, ndipo akaitikia yote na kuuliza watoto mmoja mmoja. "Nikiongea nitasahau kama nimeweka baruti ao sijaweka," alisema. "Nikiweka mara mbili, bunduki itanipasukia kwa uso."

Tulibishana sana. Nilimwambia risasi ya kiwandani hukaguliwa kwa mashine, ni salama kwa bunduki yoyote ya kipimo hicho, na ukiishiwa unaipata dukani. Hakukataa. "Ni ya kila mutu," alisema, "ndiyo maana haiko ya mutu yeyote." Na kweli, uwanjani tulipolenga shabaha matundu yake yalikaa pamoja, yangu yakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Halafu akaniambia jambo ambalo halijanitoka: "Kule kazini, hata mimi niko wa kiwanda. Nikitoka, wanaweka mwingine, na mizigo inaenda." Nadhani ndiyo maana aliipenda ile gereji. Wengi wetu huku tunafanya kazi ambazo kesho atapewa mwingine bila mtu kushtuka, kwa hiyo tukipata kitu kinachotuhitaji sisi wenyewe, tunakishikilia.

Lakini alikuwa mgumu. Nilipoishiwa risasi porini nikamwomba zake, alikataa papo hapo. "Chakula yangu utakula, kwa nyumba yangu utalala. Masasi yangu, hapana." Niliudhika kwelikweli. Baadaye wawindaji wenyeji walinieleza kwamba ndiyo desturi yao: hutumii risasi iliyotengenezwa na mtu mwingine nyumbani, maana hujui ameweka nini, na kiasi cha baruti kinachovumiliwa na bunduki yake huenda kikaipasua yako. Kwetu Afrika desturi hiyo haijulikani. Kwetu marehemu akishazikwa vitu vyake hugawanywa, na kila ndugu huondoka na chochote cha kumkumbukia.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi, baada ya mazishi. Ndugu walikutana gerejini, na mdogo wa marehemu, aliyekuja kutoka Alief kule Houston, akachukua sanduku la risasi akalikumbatia. Nikamsihi asizitumie.

"Caliber ni ileile," akasema. "Zina-fit. Ni masasi ya yaya yangu." Ndivyo Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa.

"Zita-fit, ndugu yangu, lakini hazikupimiwa bunduki yako. Zinaweza kukutoa macho."

"Weye Mkenya, umekuja kututawala hata kwa matanga?"

Watu walinitazama vibaya, na niliwaelewa: mgeni anamnyang'anya mfiwa urithi wake. Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma mjane alipomgeukia shemeji yake.

"Yaya yako alikupatiaka hata moja ya ile?"

"Hapana. Nilimuomba, akakatala. Ndiyo maana niliachaka kuwinda naye."

"Alikupendaka?"

Alilitazama sanduku mikononi mwake. "Alinisomesha," akasema.

"Basi ujiulize juu ya nini alikukatalia."

Alilirudisha sanduku juu ya meza, akalia mbele yetu sote. "Angeniambia tu," alisema. "Miaka yote nilizani hanihesabu kama ndugu."

Risasi zile tumemkabidhi fundi wa bunduki azifumue, na macho ya kijana yule yamesalimika. Hata hivyo sina raha. Siwezi kumlaumu marehemu, kwani ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akishasema hapana, amemaliza. Sasa wakubwa ni sisi. Tunawakatalia watoto na wadogo zetu mambo chungu nzima, katika nchi ambayo hatari zake hata sisi tunajifunza polepole, kisha tunachukua funguo za gari tunakwenda kazini. Wao wanabaki wakijijibu wenyewe, na mara nyingi jibu wanalolipata ni kwamba hatuwapendi. Ukimkatalia mtu wako, mkalishe umweleze sababu. Yule ndugu wa Alief amejibiwa juzi, na aliyepaswa kumjibu tulikuwa tumeshamfukia.