Suruali ya Waziri Mkuu Asiyejua Pasi

Siku yangu ya kwanza kwenye ule ukumbi wa maigizo, katikati ya Johannesburg, niliingia na mkasi tu. Ilikuwa 2008. Cherehani yangu ilibaki Alexandra, mikononi mwa wenyeji waliotufukuza sisi wageni mwezi wa tano, na mimi, fundi wa suti kutoka Uvira, Kongo, nilikuwa nalaza mke na watoto wanne sakafuni, kwenye chumba cha kugawana huko Berea. Shule niliachia darasa la tatu. Lakini suti yangu ilikuwa haijawahi kurudishwa, na hilo mlisikie nyie wenye vyeti.

Mkuu wa Mavazi, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliniwekea picha mezani.

"Huyu alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, miaka ile ya hamsini na sitini. Mchezo wetu ni maisha yake. Mshonee mwigizaji suti moja. Ikifaa, kazi ni yako. Isipofaa, asante na kwaheri."

Nikampima mwigizaji. Nikapiga bandi, ule mshono mrefu wa kushikiza kitambaa kabla ya cherehani. Nikamjaribisha, nikarekebisha, nikatia bitana, nikapiga pasi mpaka mkunjo wa suruali ukawa kama kisu. Kwetu mkubwa akitoka na suruali iliyokunjamana, anayetukanwa ni fundi.

Mama akaitazama. "Mzee, umenishonea bwana harusi. Huyu alivaa sweta zilizochakaa na suruali kama magunia."

"Waziri Mkuu?"

"Waziri Mkuu."

"Na fundi wake hakufungwa?"

Hakucheka. Akanipa siku tatu.

Niliudhika. Nikasema basi nielezeni huyu mtu ni nani, mimi sishonei picha. Mwongozaji wa mchezo akanieleza harakaharaka, kama mtu anayefukuza nzi. Familia yao walichapa vitabu. Vita Kuu ya Kwanza ilimwumiza nyonga, akalala shimoni akijisomea kitabu huku mabomu yanapita. Akaingia bungeni, akasimamia ujenzi wa nyumba za watu. Mwenzake wa chama alipoangushwa na mambo ya Mfereji wa Suez, akashika uwaziri mkuu yeye. Akaja mpaka Cape Town kuwaambia wabunge weupe kwamba Waafrika wataanza kujitawala, wakanuna.

"Ngoja," nikasema. "Nyonga iliumia?"

"Alitembea akiburuta miguu. Ndicho kinachonitesa! Huyu mwigizaji wangu leo anachechemea kulia, kesho kushoto."

"Eish, mzee, nasahau," mwigizaji akajitetea.

Watu wamesoma mpaka vyuo, na hakuna aliyemwambia fundi habari ya nyonga! Nikaifumua suruali. Upande mmoja, kutoka kiunoni hadi msambani, nikapunguza vidole viwili. Ukisimama wima inakubana pabaya. Ukiburuta mguu inakuachia. Kisha nikaifua, nikaiviringisha ikiwa mbichi, nikaiacha ikauke hivyohivyo. Pasi niliificha chini ya meza nisiione.

Mwigizaji akavaa, akapiga hatua tatu jukwaani. Mguu ukaburuta upande uleule kila hatua. Mama akavaa miwani yake, akatazama tena.

"Jumatatu," akaniambia. "Saa mbili asubuhi."

Nikafanya kazi pale miaka sita. Nimestaafu mwaka huu, 2014, kwa ajili ya macho. Yule Waziri Mkuu naye alijiuzulu akiwa kitandani hospitalini, akidhani anakufa. Akaishi zaidi ya miaka ishirini, na alipofika tisini alikuwa bado anasimama bungeni kuhutubia. Nilipoelezwa nilimcheka.

Jana akanipigia simu Aline, dada wa Kirundi aliyeshika nafasi yangu. Ana diploma.

"Papa, wanarudia ule mchezo wa Waziri Mkuu. Suruali yako ilikuwa imekosewa, upande mmoja umepanda. Usijali, nimeisawazisha. Na pasi nimeipiga vizuri."

Onyesho ni keshokutwa. Mke wangu ananiuliza naenda wapi na miwani mbili na mkasi.