Mkwe Darini

Mahindi yaliyokaushwa darini kwa moshi wa kuni za miwati yana harufu yake. Juzi niliinusa sokoni Lushoto, nikasimama katikati ya njia mpaka msukuma toroli akanifokea, "Mama, utagongwa!" Angejua nilikuwa wapi! Nilikuwa Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, jikoni kwa Bibi, na juu yetu mtu anakohoa.

Mtu huyo alikuwa Mwakio, mume wa shangazi yangu. Kwao Taita, ng'ambo ya mpaka. Siku isiyo na ukungu, ukisimama ukingoni mwa milima yetu unaviona vilima vyao. Huko alikula kiapo na wenzake kuipindua serikali. Mambo yakaharibika, akakimbilia kwetu, akaoa. Wakubwa wa kwao wakatuma watu kumsaka. Bibi akasema, "Apande darini kwangu."

Jamani! Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, na mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe hata nyumba ikiungua. Ndiyo maana Bibi alilichagua jiko. Wasakaji walipofika, mwenyekiti wa kijiji aliwaambia kwa hasira, "Mkwe jikoni kwa mkwewe? Msitutukane, mabwana." Wakaondoka.

Heshima yenyewe haikuondoka. Bibi alipika akiwa ameipa ngazi mgongo, akaniambia mimi mtoto, "Mwambie mkwe wangu makande yameiva." Mwakio yuko juu ya kichwa chake, kasikia kila neno! Napanda, namwambia. "Mwambie Mama ahsante." Nashuka. Nilicheka hadi nikafinywa. Wao hawakucheka. Bibi hakuweza hata kujikuna kwa raha jikoni mwake, na yule kule juu hakuweza kunyoosha mgongo.

Masika yalipoisha ukaja ujumbe kutoka kwa wenzake: wanamsubiri kijiji cha Mnazi, kule bondeni, siku ya gulio. Asipotokea ni msaliti, asikanyage kwao tena. Shangazi alikuwa na mimba kubwa. Mwakio akashuka ngazi, viatu mkononi. Bibi akageuka, akamtazama usoni.

"Mwanangu, usiende."

Nilisubiri nitumwe. Sikutumwa. Mwakio alijifunika uso kwa mikono, akalia, kisha akapanda tena. Mimi nikarukaruka kwa furaha, nikijua tumeshinda.

Mtoto akazaliwa, wasakaji wakachoka, Mwakio akashuka akalima kabichi kama sisi. Ila jioni alikwenda kusimama ukingoni, akiangalia vilima. Habari zikaja kwamba mama yake amefariki. Kumzika hakuthubutu: serikali ingemfunga, na wenzake wangemuua. Alikaa uani na msiba wake peke yake. Bibi alikuwa jikoni, mgongo mlangoni, kama zamani. Akaniita.

"Mwambie mkwe wangu anisamehe."

Nikaenda uani, nikamwambia.

"Mwambie Mama hana kosa. Ngazi niliipanda kwa miguu yangu."

Nikayafikisha maneno. Bibi akajifunika kanga usoni, akalia kuliko mfiwa, nami nikashangaa: si amesamehewa? Leo nina wakwe zangu, na ndiyo kwanza naelewa. Alitaka alaumiwe angalau apumue, na mkwe wake, kwa heshima ileile, akamnyima.