Ngoro Ng'ambo ya Ziwa

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliishia darasa la saba, leo nina malori mawili na mashine ya kukoboa kahawa pale Mbinga mjini, na wenye digrii zao wanakuja kuniomba kazi. Tena nimesoma nje ya nchi, jambo ambalo wengi wao hawawezi kulisema.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, magari ya watu binafsi yakaanza kupanda milimani kufuata kahawa. Nikaona magari yakija yataharibika, na wa kuyatengeneza hayupo. Nikapanda meli Mbamba Bay, nikavuka hadi Malawi, kwenye shule ndogo ya ufundi magari. Pale kila chumba cha bweni kilipewa kipande cha shamba kando ya ziwa, na sheria ilikuwa moja: chumba kisicholeta mahindi, wenyewe wanarudi kwao. Chumbani tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili wa kule. Mmoja aliwahi kuuza samaki upande wetu, Kiswahili anakijua.

Walitaka kupiga matuta. Nikawacheka. Nikawaambia sisi Wamatengo tunalima ngoro, mashimo yenye kingo pande zote na majani yamefukiwa ndani ya kingo, na milima yetu bado imesimama. Nikafyeka, nikalaza majani, nikachimba mwenyewe, ingawa kwetu kuchimba ni kazi ya wanawake. Yule wa samaki akaja kusimama pembeni.

"Achimwene," akaniita, yaani kaka, "makaburi haya unamchimbia nani?"

"Wewe tafuta magunia."

Mahindi yakaota vizuri, sisemi uongo. Kisha mvua. Kwetu mteremkoni shimo linapokea maji, udongo unayanywa taratibu, yamekwisha. Kule ni tambarare na ziwa liko jirani, maji hayana pa kwenda. Mashimo yakajaa, kingo zikalainika, mahindi yakageuka njano. Nikachota kwa ndoo tangu asubuhi. Nikimaliza shimo moja, nililoliacha nyuma limeshajaa tena kutokea chini. Ng'ambo naiona milima ya kwetu, nami nimesimama kwenye tope na nguvu zangu zote, hazina kazi.

"Acha, achimwene," akasema yule wa samaki. Safari hii hakutania. "Unachota ziwa. Mama aliuza mbuzi wake wote nije hapa. Nikamwambie nini?"

Nikaweka ndoo chini. Mimi huyu.

Tukaenda kwa mkuu wa shule wote watatu. Akasema mwenye mahindi hafukuzwi, na hatauliza yameota wapi. Nikatoa fedha niliyoiweka ya kununulia spana, na nauli ya kurudia nyumbani. Sokoni niliwaachia wenzangu wapatane bei kwa lugha yao, mimi nikabeba. Magunia matatu ya mahindi, pamoja na mkokoteni wa kuyaleta, kwacha mia moja tisini na nne.