Kaboni Iliyokataa Kuzama

Hadi leo nikipita mtaa wa Nyasubi kuna watu wananisalimia "mwalimu wa povu", na mimi naitikia tu, maana siku ile nilijiaibisha mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Mambo yalikuwa hivi. Nafundisha jiografia hapa Kahama, na wakati ule nilikuwa namtaka Kulwa, mwalimu mwenzangu, na yeye ananitaka (naliweka wazi mapema, msije mkafikiri nilikuwa nalazimisha), ila baba yake, mfugaji wa Mhunze, alikuwa hajakubali nipeleke posa. Alimwambia binti yake kwamba kijana anayefundisha habari za bahari ambayo hajawahi hata kuiona ni muongo anayelipwa mshahara. Sasa siku ya wazazi ikakaribia, mzee anakuja kwa ajili ya Shija, mdogo wake Kulwa anayesoma kwetu, nikaona nafasi yangu ndiyo hii, nitamwonesha bahari mezani.

Nikaazima tangi la kioo kwenye gesti moja, pamoja na kipampu chake cha kupulizia hewa, samaki wakahamia kwenye ndoo. Na somo lilikuwa tamu jamani: vijimea vidogo vinavyoelea juu ya bahari vinanyonya kaboni, vijidudu vinavila, halafu mabaki na vinyesi vyao vinagandana na kushuka polepole mpaka kilindini, na kaboni inakaa huko miaka na miaka badala ya kurudi hewani kutuongezea joto. Kaboni yangu ilikuwa mkaa uliotwangwa. Nyumbani nilijaribu kwa mkaa niliouloweka siku kadhaa, ukazama vizuri kabisa. Asubuhi ya siku yenyewe nikaufunua, unanuka, nikaona aibu (aibu!) kuwanusisha wageni, nikaumwaga na kutwanga mwingine mkavu. Kosa lenyewe ni hilo tu.

Mzee alikaa mbele kabisa, na kaunda suti ya rangi ya maziwa. Nilipofika kwenye vinyesi wafugaji wote walichangamka, hata yeye akaitikia kwa kichwa, nikajiona nimeshaoa. Nikamwaga mkaa. Ukatanda juu ya maji. Tukasubiri. Nikaukoroga kwa rula, ukazunguka ukarudi palepale.

"Bhebhe, wewe mwalimu," mzee akasema taratibu, "mbona kaboni yako inaogelea?"

Ukumbi ukacheka, Kulwa akaangalia viatu vyake. Hapo nikamkumbuka mama yangu, aliyetulea kwa kuosha mchanga wa dhahabu Bugarama, ambaye akiona vumbi laini linaelea kwenye beseni alitia sabuni ya unga, likazama. Nikamtuma mwanafunzi sabuni ya chooni. Mama alikuwa anatia ya kubana kwa vidole viwili. Mimi nilitia kiganja kizima, na kwa kuwa nilitaka ichanganyike haraka, nikawasha pampu.

Povu likapanda, jeusi, likavuka ukingo wa tangi, wazazi wa mbele wakaanza kurudisha viti nyuma, mkuu wa shule ananiambia nizime, nikavuta waya, kumbe nimevuta wa spika, sasa hata nikiomba radhi hakuna anayesikia, na pampu inazidi kupuliza. Bonge la povu likamtua mzee mapajani.

Nikachuchumaa kuufuata waya wa pampu, nikauchomoa, macho yakawa sawa na kioo, na chini ya lile povu nikauona mkaa unashuka, chembe kwa chembe, polepole, unatulia chini. Nilitamani kulia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anauona. Kumbe mzee naye alikuwa ameinama kufuta kiatu, na alikuwa hajainuka.

"Inazama," akasema.

"Inazama, mzee."

Akaniuliza kama huko baharini haiwezi kupanda tena. Nikamwambia nyingi inarudi, ila ile inayofika kilindini kabisa inakaa sana. Akaguna. Kisha akainuka, suti ina madoa kama ndama, akamgeukia Kulwa.

"Mwambie alete posa. Na hao ng'ombe wa mahari waje na suti."

Vyote vilienda Mhunze. Ila suti mpya baba mkwe haivai, akija kwetu anavaa ile ya madoa, makusudi kabisa, na kabla hajakaa lazima aulize kama kuna sabuni ndani. Mimi nimeapa: mkaa nitauloweka hata unuke mtaa mzima, na nguo zangu nafua kwa sabuni ya mche.