Miaka Minne ya Nyamai

Ukitaka kujua Nyamai wa Lindi, kule Kibera, alikuwa na umri gani, usiangalie kitambulisho chake. Niulize mimi, kwa maana miaka minne iliyozidi pale nilimpa mimi.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa. Tulitoka kwetu Kitui tukaenda kwa ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, kuchukua kipande, maana bila kipande Nairobi ulikuwa huingii. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nyamai alikuwa hajamaliza kumi na minne, na watoto hawakupewa. Karani alikuwa na haraka zake. Nikamwambia Nyamai, "Sema tumezaliwa mwaka mmoja. Na usimame kwa vidole." Akasimama kwa vidole ndani ya viatu vya babake. Karani akaandika 1941 kwangu, akaandika 1941 kwake. Tulipotoka nje tulicheka mpaka tukakaa chini.

Hatukuuona kuwa uongo. Wazee wetu walihesabu umri kwa njaa na kwa mvua, na wenzetu wengi walifanya vivyo hivyo. Kipande kilipobadilishwa kuwa kitambulisho, ule mwaka ukahamishwa vile ulivyokuwa. Nani angeenda kujisumbua?

Nairobi tulishika njia mbili. Mimi miguu yangu haikutaka kukaa. Nimetembeza nyembe, sindano, kamba za viatu na mpira wa suruali kutoka Kibera mpaka Kawangware maisha yangu yote, na hata sasa watu huniita Mutuku wa Nyembe. Nyamai yeye alipenda kukaa mahali. Mwaka wa sitini na nane Mzee Naftaly alijenga bekari Kawangware, na Nyamai akaajiriwa kufagia jivu. Akafagia, akaangalia, akajifunza. Ndani ya miaka michache tanuri lile la matofali lilikuwa lake. Naftaly mwenyewe alikuwa anabisha hodi kabla ya kuingia pale.

Alikuwa na njia yake ya kupima moto. Akishatoa makaa na kupangusa sakafu ya tanuri kwa gunia bichi, anaingiza mkono mdomoni mwa tanuri na kuanza kusali. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe..." Mkono ukishindwa kabla ya kufika "ufalme wako ufike", moto bado ni mkali, ngoja. Akifika "mkate wetu wa kila siku" ndipo mkono unakataa, basi weka mkate. Akimaliza mpaka Amina na mkono bado uko ndani, tanuri limepoa, washa tena. Sijawahi kuona mkate wake umeungua.

Halafu oveni ya dizeli ikaja, na tanuri likageuzwa stoo ya magunia matupu. Nyamai akawekwa kwenye kukanda unga na kuonyesha vijana kazi. Vijana walimpenda, lakini walimtania.

"Buda, hii iko na saa. Wacha kuiombea."

"Saa inajua wakati," anawaambia. "Haijui mkate."

Basi ukaja ule mwisho wa mwaka, elfu mbili na saba. Sina haja ya kusimulia yote, kila mtu ana yake. Jumapili jioni matokeo ya uchaguzi yalitangazwa, na kabla hatujamaliza kusikia, mabati yalishaanza kulia. Soko la Toi liliungua, na sanduku langu la bidhaa likaungua nalo. Nikahamia kwa Nyamai na mkewe Nduku, chumba kimoja pale Lindi, tukalala chini tukisikiliza mawe. Sisi Wakamba kila upande ulituuliza tuko upande gani, na jibu lolote lilikuwa baya.

Siku ya nne Nyamai akavaa koti. Nduku akamshika mkono.

"Unaenda wapi wewe baba?"

"Kazini."

"Kazi gani, na watu wanakatana?"

"Nduku, duka zote zimefungwa. Hao watu watakula nini?"

Nikamfuata, kwa sababu sikuwa na kitu cha kuuza wala mahali pangu pa kukaa. Karibu na Toi vijana walikuwa wameweka mawe njiani, wana mapanga.

"Niaje wazee. Mnaenda wapi?"

"Kupika mkate," Nyamai akasema.

"Mkate ya nani?"

"Ya mwenye njaa."

Wakaangaliana. Mmoja akacheka. "Wacha waende. Buda, ukirudi utuletee." Nilivuka Ngong Road nikigeuka nyuma kila hatua, na yeye anatembea kama mtu anayeenda kanisani.

Katika wafanyakazi kumi na wanne, tulimkuta Wagaki peke yake, karani, kwa sababu anakaa jirani. Na Ian, kijana wa Naftaly. Babake alikuwa amelazwa tangu Novemba, na bekari ilikuwa mikononi mwake. Gari la kusambaza mkate lilikuwa limechomwa. Dizeli hakuna. Ian alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, macho mekundu.

"Tufunge tu," akasema.

Nyamai alimpita. Alienda nyuma akaanza kutoa magunia ndani ya tanuri. Akachokoa dohani, viota vya ndege vikaanguka. Mimi na Ian tukapasua mbao za kubebea mizigo. Moto uliposhika, akavua koti, akaingiza mkono, akaanza sala. Wagaki alisimama na trei, hakupepesa jicho. Alipofika "mkate wetu" akautoa mkono na kusema, "Lete."

Siku kumi na moja. Tulilala pale pale kwenye unga, na Wagaki alipata habari za Nduku kwa simu ya jirani. Yeye ndiye aliyeuza mkate kupitia tundu la geti, mmoja kwa kila mtu, na katika ule mstari walisimama watu ambao kule nje hawakusimama pamoja. Nyamai hakuweza tena kubeba gunia, mgongo ulikataa. Alimwonyesha Ian pa kushika, pa kuweka goti, naye Ian akabeba. Nguvu zilikuwa zimemwacha Nyamai, lakini na haraka pia ilikuwa imemwacha. Hakuna donge lililotupwa.

Siku ya mwisho, dizeli ilipofika, Ian alimkumbatia na unga wote ule. "Mzee Nyamai, wewe hutoki hapa. Tutakuzika kwa hii tanuri."

Tulicheka wote. Ninaandika hivi nikijua Ian si mtu mbaya.

Amani ilipokwisha kutiwa sahihi, mwezi wa tatu watu wa bima walikuja kuangalia hasara. Walitaka karatasi. Kila mfanyakazi alete kitambulisho, na mwenye kupita miaka sitini na tano asiwe kwenye orodha ya wafanyakazi. Wagaki akaandika majina. Alipofika kwa Nyamai aliandika, akafuta, akaandika tena. Sitini na sita.

Nyamai alikuja kwangu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimepata mtaji kidogo, nimeketi Sarang'ombe na sindano zangu kwenye kadibodi. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mutuku, nirudishie miaka yangu."

Nilifikiri ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nina sitini na mbili," akasema. "Nimebakiza karibu miaka mitatu. Sitaki zaidi. Nikikaa nyumbani hii mikono itasahau."

"Hiyo ni kitu kidogo," nikamwambia. "Nitaenda mimi mwenyewe. Mimi ndiye shahidi, nilikuwepo."

Angalia ujinga wa mzee. Nilijua ukweli, nikadhani ukweli ukisemwa na mtu mwenye mvi unatosha. Wagaki alikuwa ameshauri tuandike Kitui, kwa mapadri, tuombe cheti cha ubatizo. Nikaona hiyo ni safari ndefu ya bure, na mdomo ninao. Nikanyoa ndevu, nikavaa shati safi, tukaenda.

Ian alitukaribisha vizuri, akatuagizia chai. Nikasimulia yote: viatu vya babake, kusimama kwa vidole, karani na haraka zake. Nilisimulia vizuri, hata nikaweka vichekesho. Nilipomaliza niliona chai ya Ian imekaa vile vile.

"Kwa hivyo hii kitambulisho ni ya uongo," akasema.

"Si ya uongo, kijana yangu. Ni mwaka tu."

"Mwaka tu." Akasugua uso kwa mikono miwili. "Mzee, nimezika binamu yangu January. Watu wamekufa juu ya namba, wanasema ziligeuzwa. Sasa mnakuja kwa ofisi yangu kuniambia zenu pia mligeuza, na mnacheka?"

Nyamai akasema taratibu, "Ian, nilikuwa mtoto."

"Na hiyo miaka arobaini yote? Baba yangu alijua?"

Nyamai aliweka kikombe chake mezani. Hakuwa amemwambia Naftaly, kwa sababu haikuwa habari ya kumwambia mtu.

"Watu wa bima wakisikia mtu wangu mmoja karatasi yake ni ya kudanganya, watakataa zote," Ian akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Siwezi, mzee. Hata kwa geti usionekane, mpaka haya yaishe. Pole."

Nyamai akasimama, akamshukuru kwa chai. Alipita kwenye tanuri bila kuliangalia.

Wagaki alitufuata hadi nje, akanivuta kando. Alikuwa analia. "Mzee Mutuku, mbona hukunisikiliza? Ian alikuwa amepanga kumtoa kwa orodha, halafu awe anakuja kama kibarua siku tatu kwa wiki, afundishe vijana tanuri. Alikuwa anangoja tu hawa wa bima waende. Barua nilishaiandika."

Sikumwambia Nyamai siku ile. Nilimwambia baada ya wiki mbili, kwa sababu nilishindwa kulala. Nilimkuta Lindi amekaa kitandani mchana, na Nduku ameenda kufulia watu nguo. Yule mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa mchana. Nikamwambia yote, kuhusu barua, kuhusu zile siku tatu, kwamba angekuwa nazo kama ningenyamaza.

Aliiangalia mikono yake. Nje wanawake walikuwa wanabishana juu ya foleni ya maji.

"Ulitaka kunisaidia," akasema.

"Nitukane, Nyamai."

"Nikutukane kwa nini? Mwaka ule wa hamsini na tisa, bila wewe ningerudi nyumbani kuchunga mbuzi."

"Nitukane tu."

Alitikisa kichwa. Akainama chini ya kitanda, akatoa mkate wa dukani, nusu, umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Akakata kipande akanipa, akajikatia chake. Akakibonyeza katikati kwa kidole gumba, akakiangalia kwenye mwanga wa mlangoni, na nikaona mdomo wake unataka kusema kitu kuhusu ule mkate. Halafu akaacha. Akala tu, kama mtu yeyote.