Fundi Asiyetaka Kuelezwa

Fundi wa magari wa mji wa Baraka hapendi kuelezwa ugonjwa wa gari. Munira, muuza samaki wadogo wa ndagala, alipomletea gari lake kuukuu linalogonga kwenye kila shimo, alimnyamazisha kwa kidole, akaweka viganja vya grisi juu ya boneti, akalitikisa huku amefumba macho kama mkunga anayesikiliza mimba. "Amortisere imekufa," alinong'ona, "na mipira yake imelika."

Akabadilisha shokapu na mipira, akapanda kiti cha nyuma ili Munira aliendeshe kulijaribu, karibu na mama mkwe wa Munira aliyekuwa amekuja naye. Kwenye barabara ya kwenda kijiji cha Swima gari likateleza kimya, na lawama za mama mkwe, ambazo makelele ya gari yalikuwa yakizimeza, zikasikika zote: mapishi ya Munira, kitenge cha Munira, usingizi wa Munira. Munira akaubana usukani kwa nguvu. Fundi akamwinamia sikioni.

"Mama, turudie ku garaje. Ile makelele naweza kuirudisha."