Betri ya gari la kijiji ilikuwa inakauka maji, nikamtaja mlinzi

Wakuu, heshima kwenu. Sitatia chumvi, maana ninayemwanika hapa ni mimi mwenyewe.

Enzi za Ujamaa nilikuwa dereva wa gari la kijiji huku Lushoto milimani, si mbali na Kwai. Pikapu moja, kijiji kizima. Ndiyo ilishusha mboga, ndiyo ilikimbiza wajawazito hospitali Bumbuli.

Sasa betri ikaanza vituko. Najaza maji Jumatatu, Alhamisi yameshapungua. Balbu nazo zinaungua ovyo, ila hilo sikulijali.

Nikasema hapa kuna mtu.

(Wa zamani mnakumbuka: siku hizo mali ya umma ikiharibika, neno la kwanza ni hujuma.)

Gari lilikuwa linalala kwenye ua wa ofisi ya kijiji. Mlinzi alikuwa Mzee Singano, mtu wa swala tano, mpole kupindukia. Upole wake ndio ukanitia shaka zaidi. Nikawa namwamkia shikamoo huku namkagua mikono kama ina madoa ya asidi.

Asubuhi moja nikawahi kuliko kawaida. Nikamkuta boneti iko wazi, kashika chupa.

Sikumuuliza kitu. Nilirudi kinyumenyume, moja kwa moja kwa mwenyekiti.

Mkutanoni nikasimama nikasema nilichoona. Mzee akajibu tu, "Mimi nilikuwa natia maji, sikuwa natoa." Watu wakaguna, mimi nikacheka. Akavuliwa ulinzi, akaitwa mhujumu. Mwezi haukuisha akahamia Mtae kwa wakwe zake.

Alipoondoka, betri ikakauka kabisa ndani ya siku chache.

Nikapeleka gari kwa fundi Lushoto mjini. Akaweka mita, akapiga resi. Volti kumi na sita na kitu, wakati haitakiwi kupita kumi na nne na nusu.

"Alteneta inaovachaji," akasema. "Betri inachemka, maji yanaisha yenyewe. Nani kakaza springi ya katauti?"

Wakuu, ni mimi. Ukungu wa huku ukishuka huoni hata boneti yako, na taa zilikuwa hafifu. Spea hakuna. Nikafungua kile kidude kinachozuia chaji isizidi, nikakaza springi, taa zikawaka vizuri. Nikajiona fundi.

Nikapanda hadi Mtae. Nilimkuta Mzee Singano shambani analima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kunisema ulinisema mbele ya kijiji. Msamaha mbona umeniletea huku shambani, tuko wawili?"

Nilimwahidi kwamba nitasimama mkutanoni niseme ukweli.

Sikusimama. Niliogopa nisije nikaitwa mhujumu mimi. Mikutano ilipita mingi tu, nakaa nyuma nimenyamaza. Mzee alifariki na jina lile lile, na mpaka leo naona aibu.

Nilichojifunza: balbu zikiungua na maji ya betri yakiisha haraka, pima chaji kwanza kabla hujaanza kuchunguza watu. Na ukimkuta mtu kashika chupa, muulize ina nini.

Karibuni mchangie. Mwenye kunisema aniseme, safari hii nasikiliza. Ila kwanza niseme hapa mlipo wengi: Mzee Singano ndiye aliyekuwa anaiokoa ile betri. Aliyeliharibu gari la kijiji ni mimi.